Samaki wa Bahari Katika Nyumba ya Garsen



Wiki hii tumepokea barua ya dada yetu mmoja wa Minjila, nasi tumeona tuijibu hapa ukumbini badala ya kumjibu peke yake, kwani maswali ya namna hii yameanza kuwa mengi. Anatueleza kwamba mwanawe wa miaka 9 amekwisha kuhifadhi Juzuu Amma, na kwamba babake alikuwa amemwahidi zawadi yoyote aitakayo, maadamu ni ya halali na mfuko unaiweza. Mtoto hakutaka baiskeli wala mpira. Alitoa picha aliyoikata kwenye kalenda: samaki wa buluu, mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, akasema, "Namtaka huyu, akae nyumbani kwetu." Baba ameshanunua tangi la kioo. Mama anauliza mambo mawili: je, samaki huyo ataishi Minjila? Na ikiwa hataishi, ahadi ya baba itatimizwa vipi?

Samaki wa kwenye picha twamjua. Ni jamaa ya kangaja, na wapiga mbizi humwona kwenye miamba ya pwani yetu, katika maji maangavu yenye mkondo. Ni mzuri kupita kiasi, na hapo ndipo penye mtego. Kangaja ni samaki wa safari. Tangu jua lichomoze hadi lizame yuko njiani, akichuma mwani juu ya mawe, akifukuzana na wenzake. Hukua akapita sentimita 20, na penye shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe ambao wavuvi wanaujua kwa vidole vyao. Kumtia katika tangi la lita 100 ni sawa na kumfunga punda chini ya meza ya chakula.

Tunasema haya kwa sababu tumewahi kumuua mmoja. Miaka kadhaa iliyopita tulimnunua kangaja wa buluu kama huyo, kwa pesa ambazo zingetosha mbuzi mdogo. Muuzaji alituambia ni samaki mgumu, nasi tukamwamini kwa kuwa tulitaka kuamini. Tulijaza tangi maji Jumamosi, tukamtia samaki Jumapili. Jumanne alianza kujisugua kwenye mawe. Jumatano ngozi yake ilikuwa na madoa meupe mfano wa chembe za chumvi. Ijumaa, watoto waliporudi kutoka msikitini, walimkuta amelala ubavu nyuma ya pampu. Mdogo wao aliuliza kama alikufa kwa kumkumbuka mamake. Hatukumjibu, tukaenda kumwaga maji.

Watu husema "samaki mgumu" kana kwamba ugumu huo ni wa samaki pekee. Sisi tumejifunza kuuliza kwanza habari za nyumba: maji yake yatatoka wapi, joto lake ni kiasi gani, na nani ataamka usiku umeme ukikatika. Kwa hiyo, dada yetu, utuvumilie tuanze na maji kabla ya kufika kwa samaki.

Wengi hudhani kwamba, kwa kuwa Kipini iko karibu, maji yatachotwa huko. Maji ya Kipini hayafai. Pale ndipo Mto Tana unapoingia baharini, na aliyeisoma Surat Ar-Rahman hawezi kusimama kwenye ufuo ule asikumbuke bahari mbili zinazotajwa humo. Mto huja na maji baridi na matope mengi, ukayamimina katika Ghuba ya Ungwana. Kamba hupenda hali hiyo, ndiyo maana ghuba ile ina sifa kubwa ya kamba. Matumbawe hayaipendi. Tope huyaziba na maji yasiyo na chumvi ya kutosha huyaua, ndiyo sababu miamba yetu inakatika baina ya Malindi na visiwa vya Lamu, mahali ambapo Sabaki na Tana huingia baharini. Samaki wa rangi wanaoishi kwenye matumbawe hawajazoea maji ya Kipini, hata kama ni maji ya bahari kwa jina.

Maji ya Malindi nayo yana wakati wake. Mvua zikinyesha bara, Sabaki huigeuza bahari ikawa ya rangi ya chai ya maziwa, na pepo za kaskazi huusukuma uchafu huo kuelekea kusini, mpaka mbele ya mji. Kutoka huko hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100 za barabara, na mtungi wa maji wa lita 20 si mzigo wa kuchezea. Katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023 tuliona jinsi barabara zetu zinavyoweza kuwa mto. Nyumba inayotegemea maji ya safari itakwama siku ambayo tangi linayahitaji zaidi.

Njia iliyotufaa sisi ni kununua chumvi maalumu ya matangi ya bahari, inayouzwa kwa wauzaji wa samaki wa mapambo, na kuikoroga nyumbani. Tafadhali msituandikie kuuliza habari za chumvi ya Gongoni na Ngomeni. Hiyo ni chumvi ya kula, nasi tunaipenda kwenye samaki wa kupaka, lakini maji ya bahari yana madini mengine mengi ambayo chumvi ya jikoni haina. Kadhalika, kisima kilicho na maji ya chumvichumvi si bahari. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha mabati, ndiyo bora ya kukorogea. Maji ya bomba hutiwa dawa ya kuua viini, na dawa hiyo lazima iondolewe kwanza. Kipimo ni takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na kiko kifaa kidogo cha kupimia, haidromita, ambacho hatungependa mtu yeyote aanze bila kuwa nacho.

Mwezi wa kwanza baada ya kulijaza tangi ni mgumu kwa watoto kuliko kwa samaki, kwa sababu hakuna samaki. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wema wanaoila sumu hiyo na kuigeuza, lakini bakteria hao huchukua kati ya wiki 4 na 6 kuota kwenye mchanga, mawe na chujio. Dada zetu wa Kiorma wanajua kwamba kibuyu kipya hakitoi maziwa mazuri siku ya kwanza. Lazima kifukizwe na kuzoeshwa. Tangi ni vivyo hivyo. Tia mchanga, tia mawe makavu, washa pampu, dondosha kila siku chembe chache za chakula cha samaki ili bakteria wapate cha kula, kisha pima amonia kila baada ya siku chache. Utaiona ikipanda, halafu ikishuka mpaka isionekane. Siku hiyo ndiyo ya kwenda kutafuta samaki. Kangaja wetu alitiwa katika maji yenye umri wa siku 1.

Liko na suala la joto. Samaki wa matumbawe wanastarehe baina ya nyuzi 24 na 27. Garsen mchana, mnajua wenyewe. Maji yakizidi joto hupungukiwa hewa, na samaki hukaa juu wakihema. Weka tangi kwenye kona yenye kivuli, mbali na dirisha la magharibi, juu ya meza inayoweza kubeba zaidi ya kilo 100, na mbali na ukuta wa mabati. Kisha elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji. Kila mwanamke aliyekuwa na mtungi wa udongo anaijua hekima hii: mtungi hutoa jasho, na maji ya ndani hupoa. Tofauti ni kwamba tangi likitoa jasho huondoka maji peke yake na chumvi hubaki. Kwa hiyo upungufu wa kila siku hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Tumewaona watu wakiongeza maji ya chumvi kila asubuhi kwa nia njema, na baada ya wiki 2 maji yao yamekuwa makali kuliko bahari yenyewe. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri itawaokoa samaki usiku kucha. Gharama yake haifiki hata ya chakula cha wageni wa jioni moja.

Sasa tuje kwa samaki wenyewe.

Wa kwanza kumpendekeza ni yule mdogo mwenye mishipi myeupe ambaye watoto humwita Nemo, tangu filamu ya Finding Nemo ilipotoka mwaka 2003. Yule wa filamu ni mgeni kwetu, wa bahari za mashariki, lakini pwani yetu ina jamaa zake: mmoja mwenye mwili wa kahawia iliyokolea, mapezi ya rangi ya chungwa na mishipi miwili myeupe. Baharini huishi ndani ya kiumbe laini mwenye mikono inayowasha kama upupu, naye hawashwi. Tangini hamhitaji mwenyeji huyo, na mtu asishawishiwe kumnunua, kwa kuwa hufa upesi katika tangi changa na akifa huchafua maji yote. Sababu ya kumpendelea samaki huyu ni kwamba wafugaji ng'ambo wamekwisha kujua kumzalisha kwenye matangi. Aliyezaliwa tangini amezoea kioo, amezoea chakula cha kopo, na hakuna mwamba uliopunguziwa mtu wake. Nunua wawili wadogo, mmoja akimzidi mwenziwe kidogo. Wote huanza maisha wakiwa madume, na aliye mkubwa zaidi hugeuka kuwa jike na kuishika nyumba. Bibi mmoja wa hapa Garsen tulipomsimulia jambo hili alisema hakushangaa sana, akauliza kama samaki hao hupikwa kwa tui au kwa kukaangwa.

Wa pili ni wale samaki wadogo wa buluu wanaoonekana wakimetameta juu ya matumbawe maji yanapokupwa. Wako wa namna nyingi. Yuko wa kwetu mwenye buluu iliyoiva na tumbo na mkia wa manjano, ambaye hazidi urefu wa kidole cha mkono wa mtu mzima. Hao ndio wagumu kweli kweli. Huvumilia makosa ambayo wengine hawayavumilii. Aibu yao ni ugomvi. Kila mmoja hujichagulia pango na kulilinda kama chokora alindavyo kibaraza chake, na ukiwatia wawili katika tangi dogo, baada ya mwezi utabaki na mmoja. Basi mtie mmoja tu, naye awe wa mwisho kuingia, ili awakute wenzake wamekwisha kujuana na mahali. Hapa ndipo tunapoona njia ya baba wa Minjila. Mtoto aliahidiwa samaki wa buluu. Huyu ni wa buluu, na ataishi. Lakini aambiwe ukweli kwamba siye yule wa kalenda, na aambiwe sababu yake. Mtoto aliyeweza Surat An-Naba ataweza na hili.

Jamaa za huyu wa buluu wako pia weupe wenye mistari mitatu myeusi, na weusi wenye madoa matatu meupe. Huuzwa kwa bei nafuu, huwa wadogo na wa kupendeza dukani, na wale weusi hukua wakawa wababe wa tangi zima. Tunawaacha.

Wa tatu ni samaki wa chini, yule anayekaa mchangani mlangoni pa shimo lake. Baadhi yao huishi na kamba mdogo ambaye macho yake ni dhaifu. Kamba huchimba na kusafisha nyumba mchana kutwa, samaki husimama mlangoni kama bawabu, na kamba hakosi kumgusa kwa papasi yake. Hatari ikija samaki hutikisa mkia, wote wawili wakatoweka. Ukiwapata pamoja, watoto hawatataka televisheni. Angalizo moja: dawa nyingi za samaki zina shaba, na shaba humuua kamba.

Yuko na yule mwembamba, mbele mweupe na nyuma mwekundu kama kaa la moto, mwenye unywele mrefu mgongoni. Ni mpole na anakula bila taabu, ila ni mwoga na huruka. Ukimpata, funika tangi kwa wavu kabla hujamtia, la sivyo utamkuta asubuhi sakafuni, na paka atakuwa amekutangulia.

Katika tangi la urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 45, ambalo ndilo la lita 100 na kitu, wawili wenye mishipi, mmoja wa chini na mmoja wa buluu wanatosha. Wanne. Tunajua litaonekana tupu machoni pa wageni.

Wale wa kuepuka tutawapita haraka. Kipepeo na kitatange ni mapambo ya bahari, lakini wengi wao hula matumbawe na viumbe wasiopatikana kwenye kopo, hivyo hufa njaa huku wakitazamwa. Kikande atawang'ata wenzake. Chewa na mkunga watawameza. Bunju ana sumu. Yule mwenye mapezi kama manyoya ya kuku na miiba yenye sumu asiingie kabisa katika nyumba yenye watoto. Na yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni anayewasafisha samaki wengine wadudu tunaomba aachwe mwambani, kwa sababu wenzake wa huko wanamhitaji, na tangini hana wa kumsafisha wa kutosha kumshibisha.

Mkienda kununua, mwombeni muuzaji amlishe samaki mbele yenu. Asiyekula dukani hatakula Garsen. Tazameni macho yawe angavu, mapezi yasiwe yamekunjwa, na pumzi zisiwe za haraka. Ulizeni alizaliwa tangini au alivuliwa, na amekaa dukani siku ngapi. Wanaovua samaki wa mapambo nchini hutakiwa kuwa na leseni, na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu mwaka 1968, haziruhusu kitu kuchukuliwa humo, hata kombe au kipande cha tumbawe. Watoto wasiambiwe wajiokotee wenyewe siku ya matembezi. Safari ya kurudi ifanywe alfajiri, mfuko wa samaki ukiwa ndani ya sanduku linalozuia joto, na mkifika, mfuko uelee juu ya maji ya tangi, kisha maji yachanganywe kidogo kidogo kwa muda wa saa moja.

Baadhi ya wasomaji walituuliza zamani kama inajuzu kumfunga kiumbe kwa ajili ya kumtazama. Wanazuoni walioruhusu kufuga ndege nyumbani walitegemea kisa cha Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) akimuuliza habari za ndege wake kwa upole. Upande wa pili kuna kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Sisi twavisoma visa hivi viwili pamoja. Samaki wa tangini hawezi kujitafutia, hawezi kulia, na akiteseka hatoi sauti ya kumwamsha mtu. Anayelishika kopo la chakula ameshika maisha yake. Kwa hiyo mtoto afundishwe kulisha kidogo, kiasi kinacholiwa kwa dakika 2, na kubadilisha sehemu ndogo ya maji kila wiki mbili, chini ya macho ya mkubwa. Ramadhani ikifika asisahau kwamba samaki hawafungi. Watoto wetu walifanya kosa hilo siku ya kwanza ya mwezi, tena kwa heshima kabisa.

Dada yetu wa Minjila tumekwisha kumpigia simu kabla ya toleo hili kwenda kuchapishwa. Tangi liko ukumbini, limejazwa, na halina samaki. Ni wiki ya tatu sasa. Amonia imepanda, bado haijashuka. Mtoto, anasema mamake, huketi mbele ya kioo kila baada ya Swala ya Alasiri akayatazama mawe, na ameibandika ile picha ya kalenda ubavuni mwa tangi, kwa nje. Babake amepanga safari ya Malindi mwisho wa mwezi ujao, mvua ikiruhusu. Wa kwanza watakuwa wale wawili wenye mishipi. Wa buluu ataingia mwisho, na mtoto amekubali kumngojea.